Nilisema Sauti Ile ni ya Mashine

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita muliniacha nimekaa chini kwenye simenti ya kituo cha polisi, mukaba wa kiuno wamechukua, viatu wamechukua, suruali naishika kwa mukono. Wengine wenu mulinitumia ujumbe wa kucheka. Bon. Ninyi muliocheka, Mungu anawaona.

Kwa yule ambaye gazeti lilimufikia tayari limefunga samaki, naeleza kwa kifupi. Mimi ni Eddy, mutoto wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo. Ni miaka kumi na moja nakaa Kashikishi, hapa Nchelenge, na mke wangu Dorica na watoto wetu watatu. Kazi yangu ni kuweka filamu na nyimbo kwenye memori kadi za wavuvi, na kufungua simu na kompyuta zilizogoma. Filamu za kopi, programu za kopi. Nani huku ananunua za kweli? Sijamuona huyo mutu bado.

Siku moja Kunda, muvuvi wa kisiwa cha Chisenga, aliniletea simu imejaa, nimupunguzie mizigo. Ndani nikakuta video ya miaka mitano nyuma. Obvious, kansela wetu, yaani diwani wa hapa, ile wakati anaomba kura, amesimama mbele ya soko la samaki na spika kubwa. Anasema: "Noeli ya pili ikifika na mashine ya barafu haiko hapa, mukuje kwangu mubebe friza yangu. Mimi Obvious nimesema."

Noeli tano zimepita. Ile wiki Dorica alikuwa ametupa beseni tatu za samaki, wameoza, hakuna barafu. Nilikuwa na hasira. Nikaweka video ile mwanzo wa kila filamu niliyouza. Mutu wa kijiji cha Puta anataka kuona watu wanapigana, kwanza anamuona Obvious na friza yake.

Sasa, sisi wa bandari tuko na desturi moja. Mutu akisema mbele ya watu wawili, "nisipoleta mutumbwi, chukua wavu wangu," na mutumbwi haukufika, wavu unachukuliwa. Hakuna kelele. Mwenyewe anakusaidia kuukunja. Na Obvious alisema mbele ya soko zima.

Njo vile wamama kumi na nane wakaenda kwake na pusupusu ya kubebea magunia, kuchukua friza. Hawakuwa wanafanya muchezo. Mbele alikuwa Berthe, mama wa Congo anayevusha samaki, na aliyesukuma pusupusu alikuwa Dorica wangu. Obvious akafunga geti. Siku tatu nyuma yake, polisi wakafika kwenye meza yangu.

Juu ya video? Hapana. Video ni ya kweli, wangeishitaki vipi? Walikuja juu ya filamu na programu za kopi. Sheria ya mutandao, walisema. Sheria hiyo ilikuwa imelala tangu niweke meza pale, ikaamuka siku kansela alipoaibika.

Na hatari yangu ni moja, muiweke kichwani. Mimi ni mugeni. Hakimu akinihukumu, karatasi yangu ya kukaa inachanwa, napandishwa boti, narudishwa Congo. Dorica ni wa hapa. Watoto wanasoma hapa. Mimi ningekuwa baba wa kwenye simu.

Tuendelee.

Asubuhi ya Jumanne, Sajenti Chola alifungua mulango wa selo. Ni mutu mupole, mwenye miwani iliyofungwa na waya. Anasema Kibemba, mimi nawawekea kwa Swahili.

"Eddy, kuja kidogo hapa biro."

"Nimeachiwa?"

"Awe, hapana. Kompyuta imefunga."

Nikazani sikusikia muzuri. Nikamufuata ofisini kwake na suruali yangu mukononi.

Kompyuta ile naijua. Hapa ndipo naungama jambo sikuungama wiki zote hizi. Miaka miwili nyuma, ilikuja kwangu imekufa, na mimi ndiye niliyeiwekea programu zote. Za kopi. Kituo hicho sikitaji jina, vituo viko vingi kwenye ziwa hii. Lakini kila karatasi ya kushitaki mutu inayotoka pale inaandikwa na programu ambayo mimi nilivunja funguo yake kwa vidole hivi.

Sasa sikiriini yake ilikuwa imekuwa nyeusi, na maandiko katikati: kopi hii haiko halali, haitafanya kazi mpaka inunuliwe.

"Tangu jana inasema vile," Chola akasema. "Na mashitaka yako iko ndani. Nilimaliza kuandika, nikataka kutoa karatasi, ikafunga."

"Sajenti, unaniomba nivunje funguo ya programu, upate kunishitaki kwa kuvunja funguo ya programu?"

Akavua miwani, akaipangusa na shati.

"Mimi sijui mambo ya funguo. Nakuomba uitengeneze."

"Na nikikataa?"

"Hakimu anakuja Alhamisi. Karatasi isipotoka, hakuna kesi. Kesi ikikosa, utangoja mpaka arudi mwezi ujao. Utangoja hapo ndani." Akanionyesha selo na kidevu. "Mimi sitaki ukae mwezi. Una watoto."

Franchement, kusema kweli, nilitafuta uovu kwenye uso wake, sikuupata. Alikuwa ananihurumia, na huruma yenyewe ilikuwa inanipeleka mahakamani.

Nikafikiri kusema: Sajenti, kompyuta hii yenyewe ni kosa, tujishitaki wote wawili. Lakini nani angeandikwa? Mimi. Kosa la pili, kwa mukono wangu. Sheria hizi za kompyuta ziko vile, bandugu. Anayetumia hajui kitu, anayejua ndiye mwizi.

"Nipe flash yangu mulichukua," nikasema.

"Ile ni ushahidi."

"Basi nipe ushahidi."

Akaenda kwenye kabati, akafungua mufuko wa plastiki uliobandikwa jina langu, akanipa. Dakika ishirini, kompyuta ikaamuka. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi tatu. Chola akanishukuru na mikono miwili, kama vile mutu anapokea chakula. Halafu akanirudisha selo.

Mchana Dorica alikuja na sahani ya bukari, ugali wetu, na chisense, dagaa wa ziwa. Walimuruhusu kukaa mbele ya nondo.

"Bashi Gaëlle, unakonda." Vile njo ananiitaka, baba ya Gaëlle, kwa mutoto wetu wa kwanza.

"Nimekonda siku mbili?"

"Nakuona mimi. Kula." Akangoja nimeze. "Nilienda kwa watu wa chama. Nikawaambia, mara tatu niliwapigia kura, sasa nisaidieni na bwana yangu. Wakaandika namba ya karte yangu ya kura kwenye daftari. Wakaniambia nirudi nyumbani, watanipigia."

"Watakupigia?"

"Simu yangu hawakuchukua namba. Walichukua ya karte tu."

Tukacheka kidogo, vibaya. Kisha akaanza kulia na mukono juu ya mudomo, juu hakutaka polisi wamuone.

"Mwezi wa nane sitaenda kupiga kura," akasema. "Wapigiane wenyewe. Mimi nitaenda kupima samaki."

"Mimi hata kura sina, na nimefungwa juu ya kura."

"Eddy, usilete utani. Wakikuvusha, watoto nitawaambia nini?"

Nikamurudishia sahani. 

Kabla hajaondoka, gari iliingia kwenye kiwanja. Obvious mwenyewe. Shati jeupe, viatu safi, anamusalimia kila mutu kwa jina. Alimusalimia hata Dorica, aliyesukuma pusupusu mpaka kwenye geti lake, akamuita mama ya Gaëlle kwa Kibemba, na mukwai ya heshima juu yake.

"Bana Gaëlle, mulishindaje mukwai? Nyumbani wako salama?"

Dorica akaitika, macho chini. Hii ndiyo inanitia hasira mupaka sasa. Mutu akisalimia vizuri, sisi tunaitika.

Akavuta kiti mbele ya nondo.

"Eddy, mimi siko na kisirani na wewe. Umenichekesha hata. Lakini umeniharibia jina, na mwezi wa nane watu wanapiga kura. Wanahitaji kichwa safi."

"Kansela, sauti ni yako."

"Ni yangu?" Akatabasamu. "Siku hizi mashine inaweza kusema na sauti ya mutu yeyote. Hata watoto wa shule wanajua. Wewe ni fundi. Ungeweza kuitengeneza, au siyo?"

"Mimi siwezi ile kazi."

"Nani atajua kwamba huwezi?"

Akatoa karatasi iliyokunjwa. Mistari sita, kwa Kibemba. Mimi Eddy, fundi wa Kashikishi, nilitengeneza sauti ya kansela na kompyuta. Hajasema maneno ya friza. Naomba musamaha. Ndio hivyo tu.

"Utasoma mbele ya simu. Ukimaliza, mimi naondoa malalamiko yangu. Leo leo unalala kwako."

"Na hiyo siyo kosa pia? Kutengeneza sauti ya mutu?"

"Nimekwisha kukusamehe," akasema. "Nani atakushitaki tena?"

Nikamuangalia Chola. Chola akawa anatafuta kitu kwenye droo.

Nikamuangalia Dorica. Nilitaka aseme hapana. Nawaambia ukweli, nilitaka anipe ile hapana, juu mimi sikuwa nayo. Lakini Dorica alikuwa ameshika nondo na mikono miwili.

"Soma," akasema. "Soma, urudi nyumbani. Watu watasahau."

Nikasoma. Chola aliniazima mukaba ili suruali isionekane vibaya. Mara ya kwanza niliruka mustari, Obvious akasema turudie. Mara ya pili nilisoma vizuri sana, vizuri kupita, kama vile mutu anasema ukweli. Obvious akanipiga bega.

Saa kumi nilikuwa nje. Viatu walinirudishia, kompyuta yangu hapana. Nikauliza karatasi za mashitaka ziko wapi.

"Kwenye droo," Chola akasema.

"Hamuzichani?"

"Kansela alisema tuziweke kwanza."

Njiani nikaelewa. Zile karatasi nilizozifungulia mimi mwenyewe zitalala pale, na siku yoyote nikifungua kinywa, droo nayo inafunguliwa. Sikumwambia Dorica. Alikuwa anatembea haraka mbele yangu, ana furaha, amenunua nyanya.

Asubuhi yake nikaenda bandarini. Clip yangu ilikuwa imefika kabla yangu. Mimi ningechukua wiki mbili kuifikisha Chisenga na memori kadi. Watu wa Obvious walifika usiku mmoja tu na simu. Hiyo nayo niliwaza. Kopi yangu ya filamu ni wizi, kopi yao ya uongo wangu ni habari.

Nikasalimia, hawakuitika. Kunda aligeuza mutumbwi wake upande mwingine, akajifanya anaangalia injini.

Berthe alikuwa amekaa juu ya gunia la samaki, anangoja boti ya Kilwa. Ni mama munene wa miaka hamsini, tunatoka kijiji kimoja, na mimi namuitaka mama.

"Mama Berthe, jambo."

"Kaa hapo, Eddy."

Nikakaa.

"Mi nilikuwaka pale," akasema polepole. "Siku ya mukutano. Nilisimama karibu ya ile spika, masikio ikaniuma siku mbili. Nilisikia friza. Bamama bote balisikia friza. Sasa niambie, mashine yako ilikuwa wapi?"

"Mama, walinifunga."

"Najua balikufunga. Sikuulize ile. Nauliza masikio yangu. Jana mutoto wangu aliniambia, mama, ulisikia vibaya, Eddy eko fundi, eye anajua. Mutoto wangu, Eddy. Sasa mi mwenyewe nalala nawaza: labda sikusikia?"

  Ningesema nini? Nikisema ulisikia vizuri, droo. Nikisema ulisikia vibaya, ni mama yangu.

"Ungeiba filamu zote za dunia," akasema, "nisingesema kitu. Ile ya muzungu iko mbali, atatengeneza ingine. Lakini ile tulisikia na masikio yetu ilikuwa ya kwetu."

Nikaondoka bila kuaga. Nikaenda kwenye mchanga ambapo Dorica alikuwa anaanika chisense juu ya nyavu za zamani. Nikachukua kikapu, nikaanza kumusaidia. Tulifanya kazi saa nzima, na ile saa ilikuwa nzuri, siwezi kuficha. Nikawaza: bon, nitachukiwa, lakini nitachukiwa nikiwa nyumbani.

Sajenti Chola alikuja kwa miguu, na polisi mwanamuke nyuma yake. Nikasimama. Nikazani droo imefunguka. Nikaanza hata kuvua saa, nimupe Dorica anitunzie.

"Siyo wewe, Eddy," Chola akasema.

Akavua miwani. Akasoma kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa imetoka kwenye kompyuta ile ile, niliona ule mustari wa wino unaokatika pembeni.

"Dorica, mukwai. Unashitakiwa kutaka kuingia kwenye boma la kansela na kubeba mali yake. Wewe na wenzako kumi na saba. Wewe wa kwanza, juu ulisukuma pusupusu."

Dorica alikuwa bado na chisense mukononi.

"Lakini yeye mwenyewe alituita," akasema. "Alisema mukuje mubebe."

"Hakusema." Chola alisema polepole, kwa aibu. "Bwana yako alishatuonyesha kwamba hakusema. Kama alisema, munakuwa watu walioitwa. Kama hakusema, munakuwa wezi. Mimi siandiki sheria, mama."

Nyie wasomaji, mimi ni fundi. Simu ikianguka majini, naifungua vipande arobaini, nairudisha. Lakini ile dakika nilisimama kwenye mchanga, sikujua hata mikono niiweke wapi. Nilidanganya ili nisitenganishwe na mwanamuke huyu, na ule uongo ndio ulikuja kumuchukua.

Chola akanigeukia.

"Eddy, nakuuliza mara moja, mbele ya shahidi." Polisi mwanamuke akatoa kalamu. "Ile clip ya friza, uliitengeneza, au Obvious alisema?"

Dorica akaniangalia. Nikafungua kinywa.

"Usijibu," Dorica akasema.

"Bana Gaëlle..."

"Usijibu. Ukisema ni ya kweli, Obvious anarudisha malalamiko yake, wewe unavushwa, na mimi nani anajua kama wataniacha? Watoto wanatoka shule saa saba. Mutu mumoja lazima akuwe nyumbani." Akaweka chisense kwenye kikapu, akapangusa mikono kwenye kitenge. "Ile ya juu bado haijakauka. Uigeuze."

Akaenda nao. Hawakumufunga mikono. Alitembea katikati yao kama vile wanamusindikiza kanisani, na mimi niliendelea kusimama pale. Sikusema kitu, wasomaji. Munitukane, muko na haki. Polisi mwanamuke aliandika kitu kwenye daftari lake.

Nikageuza chisense. Ndiyo, niligeuza. Aliniagiza.

Nikarudi nyumbani kungoja watoto, simu ikalia. Berthe.

"Eddy, uko wapi?"

"Nyumbani. Wamemuchukua Dorica."

"Tunajua. Tulimuona anapita." Nyuma yake nilisikia sauti za wanawake wengi, na miguu kwenye changarawe. "Hatungoji batukamate mumoja mumoja. Siye bote kumi na saba tunaenda kule tunajipeleka. Tutasema tulisikia na masikio yetu. Lakini bataleta clip yako, batatucheka. Kunakosa mutu mumoja wa kusema ile clip ulisoma ni ya uongo."

Nikatoka kwenye kiti.

"Tumefika kwenye kona ya kwenu," akasema. "Tunasimama kidogo. Unakuja ao hukuji?"

Nikaenda mpaka mulangoni. Kwenye kona niliwaona kweli, wamesimama katikati ya barabara, vitenge vya kila rangi, Berthe mbele na simu kwenye sikio, ananiangalia. Na upande wa pili wa barabara, mbali kidogo, watoto wangu watatu walikuwa wanarudi kutoka shule, Gaëlle amemushika mudogo mukono, na walikuwa wameniona pia.